Kutamalaki na Kuasi: Vita vya Mrima katika Tenzi za Hemedi el-Buhriy

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa pwani ya Tanga, ameacha tenzi za vita vya namna mbili. Katika Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, mandhari ni Arabuni ya zama za Mtume, na vita vimejengwa kwa masimulizi ili kupima imani ya mashujaa. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima unahusu vita vilivyozuka Pangani mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kushika mamlaka iliyopewa na Seyyid Khalifa kwa mkataba wa Aprili. Umbo ni lile lile: beti za mishororo minne, mizani minane, na kina cha mwisho kinachoziunganisha beti zote.

Kufanana huko kwaweza kumtia shaka mwanahistoria: je, mtunzi alisimulia yaliyotukia au aliyavisha tukio vazi la maghazi? Swali lenye manufaa zaidi ni hili: utanzu huo ulimwezesha kusema nini?

Jibu laanzia katika jina. Wajerumani waliviita vita hivyo uasi wa Waarabu. Jina hilo limebeba hukumu mbili: kwamba palikuwapo mamlaka halali ya kuasiwa, na kwamba wenyeji wengine hawakuhusika. Hukumu ya pili yakanushwa na Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana pamoja na Wazigua hadi 1890. Ya kwanza yakanushwa na jina la utenzi. Humo mtendaji ni Mdachi, na tendo lake ni kutamalaki, yaani kuifanya nchi ya watu kuwa milki yake.

Mwaka nao una uzito. Jina la utenzi katika chapa ya 1955, yenye tafsiri ya J.W.T. Allen, limeambatana na 1307 Hijria. Mapambano yalianza mwishoni mwa 1305. Mwaka 1307 ulipoingia, Agosti 1889, Wissmann alikuwa amekwisha kuziteka Pangani na Tanga. Ndani yake, tarehe 15 Desemba, Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Tarehe hiyo basi yaangukia kwenye kutawaliwa.

Utanzu ulikuwa na nafasi ya mwisho kama huo. Hemedi alitunga pia Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, na msikilizaji aliyeijua habari ya Karbala alijua kwamba aliyeshindwa aweza kuwa ndiye mwenye haki. Kwa idadi ya bunduki na askari, mtafiti ana nyaraka za Wajerumani. Kwa hukumu ya Mrima juu ya ushindi wao, ana utenzi huu.