Barabara Ndiyo Mpinzani: Funzo la Mbio za Safari, 1953–1973

Februari iliyopita nilikuwa natoka sokoni Mitundu nimepanda pikipiki ya kabaza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika kwenye dimbwi lililokata njia ya udongo, kijana aliyeniendesha hakuongeza mwendo wala hakurudi nyuma. Alizima injini, akashuka, akatazama maji yalikokuwa yakielekea, kisha akasukuma pikipiki kupitia ukingo wa shamba la mahindi. Nyuma yetu dereva wa gari kubwa jipya aliingia dimbwini kwa nguvu zote na kukwama. Tulimwacha pale akitafuta watu wa kumsukuma.

Tukio hilo dogo ndilo lililonipa swali la insha hii: ni nini kinachoifanya njia ya mbio za magari iwe ngumu, na ugumu huo unawapendezaje watazamaji? Jibu la kawaida hutolewa kwa kutaja viwanja vya Ulaya. Nürburgring ya Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina mzunguko wa zaidi ya kilomita 20 wenye kupanda, kushuka na kona zisizoonekana mbele. Monaco ina mitaa myembamba ambamo kosa dogo humgongesha dereva ukutani. Hata hivyo, viwanja vyote viwili vina sifa moja: dereva hurudi palepale mara nyingi, na kila mzunguko humfundisha ule unaofuata. Hoja yangu ni kwamba ugumu mkubwa zaidi hutokea pale ambapo njia inabadilika baada ya dereva kuizoea, na kwamba ushahidi bora wa hoja hiyo uko hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa mbio za mzunguko. Magari yalisafiri maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kutoka kituo hadi kituo kwa muda uliopangwa, na aliyechelewa alipewa alama za adhabu. Barabara hazikufungwa: dereva alikutana na malori, mabasi na ng'ombe kama msafiri mwingine yeyote. Baadaye mbio hizo zilizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika. Udongo mweusi ambao jana ulikuwa mgumu kama saruji, leo ulishika magurudumu kama gundi, na pale palipokuwa pakavu, vumbi la gari la mbele lilimfunika aliyefuata asione kitu.

Matokeo yanajieleza yenyewe. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza, na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 hali ikajirudia: tena zaidi ya 80, tena saba. Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa bahati nasibu tu. Lakini mshindi wa miaka yote miwili alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Bahati haichagui mtu mmoja namna hiyo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Kampuni kubwa za magari zilileta madereva hodari kutoka Ulaya, lakini mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972, takriban miaka ishirini baada ya mbio kuanzishwa.

Hapo ndipo penye msisimko. Mbio ambazo mwenye injini kubwa hushinda kila mara huchosha kutazama. Safari iliacha mlango wazi kwa mtu mwenye gari la kawaida aliyejua mto gani hufurika jioni.

Lakini ni lazima tuulize: "wenyeji" hao walikuwa nani? Katika miaka ya ukoloni, waliomiliki magari ya kushindana walikuwa hasa walowezi na Waasia. Waafrika wengi walikuwa kando ya barabara, wakitazama au wakiyasukuma magari kutoka matopeni. Wao pia waliijua barabara ile, pengine kuliko wote, ila majina yao hayamo katika orodha za washindi. Historia ya Safari ikiandikwa bila wao inabaki nusu.

Mfano wangu wa mwisho unanigusa zaidi. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972, utawala wa Idi Amin ulipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Mwaka uliofuata Safari iliingia kwa mara ya kwanza katika Mashindano ya Dunia. Mehta, akiwa na Datsun 240Z, alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, na Mehta ndiye aliyetangazwa mshindi. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Siwezi kumlinganisha na sisi wa Dzaleka, kwa sababu familia yake ilikuwa na mali, na wengi wetu tulifika na mifuko mitupu. Lakini kuna jambo moja tunalolishiriki. Aliyefukuzwa anaweza kunyang'anywa nyumba na shamba, lakini ujuzi wake wa njia anavuka nao mpaka.

Safari ilitoka katika Mashindano ya Dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Sasa ni fupi, na sehemu za kushindania hufungwa kwa magari mengine. Mvua, hata hivyo, haijui kanuni hizo, na matope bado huamua mengi.

Kwa hiyo, wenzangu, tukiulizwa njia ngumu ni ipi, tusihesabu kona peke yake. Tuulize kama njia hiyo inaweza kumshangaza hata anayeijua. Kijana wa Mitundu aliijua njia yake, na ndiyo maana alishuka kuitazama upya.