Kutoka Nukta Sita hadi Kioo cha Picha: Historia Fupi ya Wasioona na Kompyuta

Historia ya vyombo vya kusomea vya wasioona yathibitisha jambo moja: mlango wa maandishi hufunguliwa au hufungwa na mbuni wa chombo, wala si na upofu wenyewe. Charles Barbier, Mfaransa aliyeona, alikuwa amebuni maandishi ya nukta 12. Nukta hizo zilizidi upana wa ncha ya kidole. Louis Braille, aliyepofuka utotoni, alizipunguza zikawa 6, akachapisha mfumo wake mwaka 1829. Hata hivyo Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854 tu, miaka miwili baada ya kifo chake.

Kompyuta za mfumo wa DOS, zilizoenea katika miaka ya 1980, zilikuwa na bahati isiyokusudiwa. Kioo chake kilionyesha maandishi matupu, mistari 25 ya nafasi 80, na kila herufi ilihifadhiwa kwa namba yake. Programu ya kusomea kioo ilichukua namba hizo na kuzigeuza kuwa sauti. Kwa njia hiyo wasioona waliweza kuandika barua, kufanya hesabu na kushika kazi za ofisini.

Mwaka 1984 ilitokea Macintosh, yenye picha ndogo na kipanya. Sasa herufi ilichorwa kama picha, na mshale uliongozwa kwa jicho. Kilichomrahisishia mwenye kuona kilimfungia nje asiyeona. Na kadiri mtindo huo ulivyoingia maofisini kupitia Windows, ndivyo ajira zake zilivyotishika.

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1989. Programu ya outSPOKEN, ya kampuni ya Berkeley Systems, ilinasa amri za uchoraji kabla hazijafika kiooni, ikajitungia nakala ya siri ya maandishi. Lakini picha isiyo na jina haikutamkika. Kwa hiyo mwaka 1997 Microsoft ilitoa utaratibu wa kuziwezesha programu zenyewe kutaja jina, aina na hali ya kila kitu kiooni. Mwaka 1999 miongozo ya kimataifa ya intaneti ikadai kila picha iambatane na maneno.

Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianzisha NVDA, programu inayotolewa bure; baadaye James Teh, Mwaustralia mwenzake asiyeona, alijiunga naye. Kama Braille, walibuni kwa ajili ya haja waliyoijua wenyewe. Sauti ya eSpeak iliyomo ndani yake husoma lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Hapo ndipo suala la ufundi linapogeuka suala la lugha. Kitufe kisichopewa jina, kwa msikilizaji, hakipo. Na aandikaye programu ya Kiswahili bila kuvipa vitufe vyake majina ameandika ukurasa ambao baadhi ya wasemaji wa lugha hii hawatausoma kamwe.