Tumbako katika Nchi ya Kati: Hesabu ya Faida na Hasara, kwa Mfano wa Mandewa

Mandewa ni kata ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Nchi hii yajulikana kwa ng'ombe, mtama, uwele na alizeti, wala si kwa mashamba makubwa ya tumbako. Kwa sababu hiyo hiyo Mandewa ni mahali pafaapo kupimia historia ya jani hili. Mahali linapolimwa kwa biashara, fedha ya mkulima huficha hasara nyingi. Lakini Mandewa tumbako huingia ikiwa imekwisha kuwa sigara dukani, na fedha ya mnunuzi hutoka isirudi.

Mmea wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika, nao ulianza kuenea duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hapana shaka ya kwamba mabaharia wa Kireno walikuwa na sehemu kubwa katika kuuleta pwani ya Afrika ya Mashariki, kama walivyoleta mahindi na mihogo. Jina lake lashuhudia safari hiyo ndefu: Wareno husema tabaco, Wahindi tambaku, Waarabu tunbak, na Waswahili tumbako au tumbaku. Lakini vyombo na desturi zilizouzunguka zilipata majina ya kienyeji: kiko, mtemba, digali, ugoro. Jambo hili laonyesha ya kuwa mgeni huyu alikwisha kupewa kiti cha mwenyeji zamani.

Richard Burton, aliyepita Ugogo na kufika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliikuta tumbako ikilimwa na kutumiwa bara. Wakati huo jani lilipandwa karibu na nyumba, likakaushwa, likatafunwa, likanuswa au likavutwa. Madhara yalikuwako tangu zamani hizo, kwani ugoro na tumbako ya kutafuna nazo huleta saratani, hasa ya kinywa. Ila kipimo kilikuwa kidogo: mtu alitumia kadiri ya bustani yake na kadiri ya nafasi yake.

Kipimo hicho kilivunjwa na biashara. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Songea walikuwa na chama chao cha ushirika cha kuuza tumbako ya moshi, na walowezi wa Iringa, wengi wao Wayunani, walilima tumbako ya Virginia. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliacha ardhi iliyofyekwa huko Urambo. Tumbako ikachukua mahali pa karanga, na Tabora ikawa kitovu cha zao hili. Katika mkoa wa Singida wenyewe lililimwa upande wa kusini, katika misitu ya Manyoni na Itigi. Sababu ya kufuata misitu yaeleweka: tumbako ya Virginia hukaushwa kwa joto la moto katika mabani, na moto huo hula kuni nyingi. Miti ya miombo iliyokatwa haikuandikwa katika daftari la bei.

Hasara za mkulima hazikuishia kwenye kuni. Mbolea na dawa za wadudu hutolewa kwa mkopo, na deni hukatwa kwanza siku ya mauzo. Mavuno yakiwa mabaya au jani likiwekwa daraja la chini, mkulima hurudi nyumbani na deni lililobaki. Tena achumaye majani yenye umande hunywesha ngozi yake nikotini, akapatwa na kizunguzungu na kutapika hata kama hajavuta sigara maishani mwake. Watoto wakisaidia shambani huumia zaidi, kwa kuwa miili yao ni midogo.

Wakati kilimo hiki kikienea, waganga walikuwa wakifumbua siri ya moshi. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa hospitali za London, ukaonyesha uhusiano mkubwa wa sigara na saratani ya mapafu. Chuo cha Kifalme cha Waganga cha London kilitoa taarifa yake mwaka 1962, na mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa yake tarehe 11 Januari 1964. Huku nyuma, kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza kazi mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kampuni ya British American Tobacco ilikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ilichukua hisa zilizo nyingi. Hivyo dola changa, iliyohitaji fedha za shule na zahanati, ikawa mshirika katika bidhaa ambayo hatari yake ilikwisha kutangazwa. Mwaka 1995 hisa nyingi ziliuzwa kwa kampuni ya kigeni, lakini kodi ya sigara ikaendelea kuwa tegemeo la hazina.

Sheria ilifuata baadaye. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia bidhaa za tumbako mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani uliokuwa umeanza kutumika mwaka 2005. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha ya kuwa karibu watu wazima 9 katika kila 100 walitumia tumbako, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Dunia nzima, Shirika hilo lakadiria vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwa wafao wako wasiovuta, waliovuta moshi wa wenzao tu.

Hapo ndipo mfano wa Mandewa unapopata uzito. Hospitali ya rufaa ya mkoa imejengwa katika kata hii. Mlimaji wa Itigi na mvutaji wa mjini, mmoja aliyeuza jani na mwingine aliyelinunua, huweza kukutana katika ukumbi mmoja wakisubiri mganga, kwani moshi huzidisha maradhi ya moyo, ya mapafu na hata kifua kikuu. Mapato ya tumbako huandikwa mapema, siku ya mnada na siku ya kodi. Matumizi yake huja baada ya miaka ishirini au thelathini, nayo huandikwa mahali pengine: katika nauli ya mgonjwa, katika ng'ombe aliyeuzwa ili kulipia matibabu, katika shamba la alizeti lililokosa mkono wa kulipalilia. Madaftari haya mawili hayajapata kuwekwa juu ya meza moja.