CHEMIROCHA: JINA LA MGENI KATIKA NYIMBO ZA WAKIPSIGIS

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza jina moja tu, na kuonyesha jinsi jina hilo linavyoweza kutufungulia sehemu ya historia ya utamaduni katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. Jina lenyewe ni Chemirocha. Lilihifadhiwa katika nyimbo tatu za Kikipsigis zilizorekodiwa Kapkatet mwaka 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kukusanya muziki wa bara hili. Asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji na mtunzi wa Kimarekani ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na saba.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi ng'ambo, na mara nyingi imesimuliwa kama kichekesho: Waafrika walisikia sauti katika gramafoni, wakamfanya mwenye sauti kuwa mungu. Tutajaribu kuonyesha kwamba usimulizi huo hauna msingi katika lugha wala katika fasihi simulizi ya Wakipsigis. Kwanza tutaeleza santuri zilivyofika, kisha tutalichambua jina, halafu tutaitazama maana ya wimbo, na mwisho tutauliza hazina hii ni mali ya nani.

2.0 Santuri na nchi zilikofika

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 huko kusini mwa Marekani. Alifanya kazi katika reli mpaka ugonjwa wa kifua kikuu ulipomlazimisha kuiacha. Tarehe 4 Agosti, 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee, aliimba nyimbo mbili mbele ya mitambo ya kampuni ya Victor iliyoletwa na Ralph Peer. Katika muda wa miaka sita tu alirekodi nyimbo zaidi ya mia moja, nyingine akiwa ametungiwa, au ametunga pamoja na shemeji yake Elsie McWilliams. Alifariki New York tarehe 26 Mei, 1933, siku mbili baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Kilichompa sifa ni mtindo wake wa kuruka ghafla kutoka sauti ya kifua hadi sauti nyembamba ya kichwa, bila maneno, mwishoni mwa beti.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya kuenea kwa gramafoni Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Bara, huko Kericho, makampuni makubwa ya chai yalikuwa yameanza kupanda mashamba yao katikati ya miaka ya 1920, katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa wamenyang'anywa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Wafanyakazi waliletwa kutoka sehemu nyingine, na Kiswahili kikawa lugha ya mashambani. Katika mazingira hayo ya mageuzi ya haraka ndimo sauti ya Rodgers ilimosikika, kutoka katika gramafoni za wageni, wamisionari wakiwa miongoni mwao.

3.0 Umbo la jina

Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi maana kwa kutumia konsonanti ghuna na zisizo ghuna katika vipasuo vyake. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya "Jimmie", ambayo Mswahili angeiandika j, ilipokewa kama ch. Na ile iliyo katikati ya "Rodgers" vivyo hivyo. Sauti ya mwisho ya jina la pili ikadondoshwa, likabaki "rocha". Mpaka hapa tunaona utohozi wa kawaida, wa aina ileile iliyotuletea maneno mengi ya kigeni katika Kiswahili.

Jambo linalohitaji maelezo zaidi ni irabu ya kwanza. Kwa nini isiwe *Chimirocha? Yaweza kusemwa kwamba irabu fupi ya Kiingereza husikika karibu na e, na hoja hiyo ina uzito. Lakini haitoshi. Katika Kikipsigis, Che- au Chep- ni kiambishi awali kinachoyaanza majina ya watu, hasa ya wanawake: Chebet, Cherono, Chelangat, Chemutai, na majina ya wanaume huanza kwa Ki- au Kip-: Kibet, Kiprono, Kiplangat, Kimutai. Sikio la Mkipsigis lililosikia "chemi" lilikuwa tayari na mahali pa kuiweka. Basi jina la kigeni liliingia lugha kupitia mlango uliokwisha kuwapo, likavaa vazi la jina la mtu. Tena halikuchukua viambishi tamati kama -et au -it, ambavyo ni vya kawaida kwa nomino za jumla. Ingawa maelezo ya Tracey yanasema kwamba neno hilo lilikuwa limekuja kumaanisha kitu chochote kigeni na kipya, umbo lake lilibaki kuwa jina la mtu.

Hata hivyo kiambishi hicho hakiishii kwa wanawake. Kimo pia katika Chemosit, zimwi mashuhuri wa masimulizi ya Wakalenjin. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha 1909, anaeleza kwamba Chemosit ni nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, na kinywa chake hung'aa usiku kama taa. Ulinganisho huu una faida, kama tutakavyoona sasa.

4.0 Maana ya wimbo

Nyimbo mbili za kwanza ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata umaarufu, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis kwa mlio wa kinubi. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wasichana hao ni nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, nao wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu hata nguo zimtoke. Tracey alimfananisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale.

Ulinganisho huo ni wa msomi wa Kizungu, wala si wa waimbaji. Mtu anayeabudu hamwambii mungu wake aruke mpaka abaki uchi. Huo ni utani, na utani wa wasichana juu ya mchezaji wa kiume ni jambo linalojulikana katika ngoma za jamii nyingi za Afrika Mashariki. Zaidi ya hayo, kiumbe wa nusu kwa nusu hakuhitaji kutoka Uyunani. Masimulizi ya Kikalenjin yalikuwa na wake, na jina lake lilianza kwa silabi ileile. Hatudai kwamba Chemirocha ni Chemosit. Mmoja hutisha, mwingine huchekesha. Tunadai tu kwamba sauti isiyo na mwili, inayotoka katika sanduku na kupanda ghafla kuwa nyembamba, ilikuwa fumbo, na wasichana walilijibu fumbo hilo kwa malighafi ya fasihi yao wenyewe. Ubunifu wao ndio wa kushangaza, si ujinga wao.

5.0 Masanduku mawili

Inafaa kukumbuka kwamba Bristol mwaka 1927 haikuwa na studio ya kudumu. Peer alifunga mitambo yake katika jengo la biashara ya kofia, akaita waimbaji wa milimani waje. Tracey naye alibeba mitambo yake katika gari. Njia za kurekodi zilikaribiana. Hatima ya nyimbo ndiyo iliyotofautiana. Peer alijenga biashara yake juu ya hakimiliki, na kwa sababu hiyo kila wimbo wa Rodgers uliandikwa tarehe yake, mtunzi wake na wapigaji wake. Mwaka 1992 kampuni ya Bear Family ya Ujerumani iliweza kuzikusanya rekodi zake katika sanduku moja la diski sita, *The Singing Brakeman*, ambalo msomi yeyote anaweza kulifungua na kufuata ukuaji wa msanii mwaka hadi mwaka.

Sauti za Kapkatet zilikwenda njia nyingine. Ziliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mwaka 1978, baada ya kifo chake. Huko zilitunzwa vizuri, na kwa hilo tunashukuru. Lakini waliozitoa hawakuzisikia. Ni katika miaka ya 2014 na 2015 tu ambapo maktaba hiyo, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilizirudisha kwa wenyewe. Mmoja wa wanaume waliorekodiwa mwaka 1950 alikuwa bado yu hai.

6.0 Hitimisho

Kurudisha sauti ni hatua ya kwanza. Kazi iliyobaki ni ya idara kama zetu: kuyaandika maneno ya nyimbo hizo kwa Kikipsigis sahihi, pamoja na toni zake, kuyafasiri kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza, na kuwauliza wazee wa Kericho na Bomet maana ya mafumbo yake wakati bado wapo wa kuulizwa. Maadamu maelezo tunayoyategemea ni yale yaliyoandikwa na mgeni aliyekaa siku chache, tutaendelea kusoma fasihi ya Wakipsigis kwa miwani ya Wayunani. Jimmie Rodgers amepata wa kumkusanya na kumweleza. Chemutoi Ketienya na wenzake bado wanawangoja wao.