Miberi ya miiba: kutoka mbegu hadi tunda katika bustani ya nyumbani

Miberi ya miiba ni mimea ya jenasi ya Rubus, ambayo rasiberi na blakiberi ndizo mashuhuri zaidi. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati mimea hii si migeni. Spishi za asili kama Rubus steudneri na Rubus apetalus huota kandokando ya misitu ya milimani, na majani ya jamii hii ni sehemu ya chakula cha sokwe wakubwa wa Virunga. Wanyarwanda huliita tunda hilo inkeri; Waganda huliita enkenene.

Tunda moja ni mkusanyiko wa vitunda vidogo, kila kimoja kikiwa na mbegu yake. Rasiberi ikichumwa hubaki na uwazi katikati, ilhali blakiberi hutoka pamoja na kiini chake.

Kuchagua mzazi

Rasiberi na blakiberi nyingi zinazouzwa madukani hutokana na aina za nchi zenye majira ya baridi. Aina hizo huhitaji kipindi kirefu cha baridi ili zitoe maua. Katika mazingira ya ikweta, mmea uliotokana na mbegu zake huweza kusitawi kwa majani na kuzaa kidogo au kutozaa kabisa. Ni salama zaidi kuchukua mbegu kutoka mmea unaozaa vizuri katika eneo lilelile au lenye mwinuko unaokaribiana nalo. Rasiberi ya Mysore, yenye asili ya Bara Hindi na matunda ya zambarau yaliyokoza, huvumilia joto na haihitaji baridi kali.

Kuiamsha mbegu

Mbegu ya mberi ina ganda gumu na hulala muda mrefu. Porini, ganda hilo hulainishwa na tumbo la ndege, unyevu na vijidudu vya udongoni. Nyumbani, kazi hiyo hufanywa kwa mkono.

Matunda yaliyoiva kabisa hupondwa ndani ya maji. Mbegu nzima huzama, nyama ya tunda na mbegu tupu huelea na kumwagwa. Mbegu huoshwa kwenye chujio na kuanikwa kivulini. Kisha husuguliwa polepole baina ya vipande viwili vya msasa laini, kiasi cha kukwaruza ganda bila kulivunja. Watafiti hutumia tindikali kali kwa kazi hiyo, lakini njia hiyo ni ya hatari na haifai nyumbani.

Mbegu zilizokwaruzwa huchanganywa na mchanga wenye unyevu, zikatiwa katika mfuko au kopo na kuwekwa ndani ya jokofu, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa takriban miezi 3. Mchanga usikauke wala usitote maji. Mbegu za rasiberi ya Mysore zinaweza kupandwa bila kupitishwa katika baridi.

Kitalu na bustani

Udongo wa kitalu uwe mwepesi, wenye mboji na mchanga. Mbegu hufunikwa kwa udongo usiozidi nusu sentimeta na kuwekwa kwenye kivuli chepesi. Hazioti kwa pamoja: baadhi hutokeza baada ya wiki chache, nyingine baada ya miezi. Kwa sababu hiyo kitalu kisifumuliwe mapema.

Mche wenye majani 4 au 5 huhamishiwa kwenye kopo lake. Ukifika sentimeta 15 hivi, hupelekwa bustanini mwanzoni mwa mvua, mahali penye jua na pasipotuama maji. Mita 1 hadi 1.5 kati ya mimea yatosha, pamoja na nguzo na nyaya za kuegemeza mashina. Kwa kawaida shina hukua mwaka wa kwanza, huzaa mwaka wa pili, kisha hufa. Shina lililokwisha kuzaa hukatwa karibu na ardhi ili kuyapisha machanga.

Mtoto asiyefanana na mama

Anayepanda mbegu hana hakika ya tunda atakalovuna. Rasiberi huchavushwa na nyuki, hivyo miche yake hutofautiana kwa utamu, ukubwa na wingi wa miiba. Blakiberi kadhaa huzaa mbegu bila kuchavushwa kikamilifu, na miche yake hufanana zaidi na mama.

Tofauti hizo zimewahi kuleta faida. Mwaka 1881, hakimu James Harvey Logan wa Santa Cruz, California, alipanda mbegu bustanini mwake akitaka kuchanganya aina mbili za blakiberi. Karibu nazo palikuwa na rasiberi nyekundu, na mche mmoja ukawa chotara wa blakiberi na rasiberi. Tunda hilo jipya likaitwa kwa jina lake, loganberry.

Mche bora ukishapatikana, hauendelezwi tena kwa mbegu. Ncha ya shina la blakiberi au la rasiberi ya Mysore hufukiwa udongoni, ikaota mizizi, kisha ikakatwa na kuwa mmea kamili unaofanana na mama. Rasiberi nyekundu huendelezwa kwa machipukizi ya mizizi.

Tahadhari kwa wanaopakana na misitu

Ndege wanaokula matunda, wakiwemo shore na kuzumburu, hawajui mpaka wa bustani. Rasiberi ya Mysore iliyopelekwa katika visiwa vya Galápagos kwa kilimo ilitoroka mashambani na kusonga misitu ya asili. Nchini Malawi, mberi mwingine kutoka Asia, Rubus ellipticus, umevamia Mlima Mulanje.

Kwa kaya zinazopakana na misitu kama Nyungwe, Kibira au Bwindi, spishi ya asili ndiyo chaguo la busara. Aliye na spishi ya kigeni hana budi kufunika matunda kwa wavu, kuyachuma yote yanapoiva, na kung'oa miche inayojiotea nje ya ua. Mbegu na miche ya kuvusha mpaka huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Ni vyema kuwauliza maofisa wa kilimo kabla ya safari.