Mtu wa Ng'ambo: Wasaidizi wa Mbali katika Biashara ya Busia

Mfanyabiashara wa Lumino anayeuza viatu vya mtumba kwa picha za WhatsApp anaweza kumaliza wiki nzima bila kugusa pea hata moja. Robota limefunguliwa upande wa Kenya. Aliyevipiga viatu picha, akavipima kwa rula na kumjibu mteja wa Tororo anayeuliza kama kisigino kimelika, ni kijana ambaye pengine tajiri wake hamjui kwa sura. Bei ikikubaliwa, kijana huyo ndiye anayefunga mzigo, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko, kisha anamkabidhi mtu wa bodaboda. Ujira wake hufika kwa simu jioni.

Kwingineko kazi ya namna hii inahesabiwa kuwa mpya. Wauzaji wa Marekani na Ulaya huajiri wasaidizi wa mtandaoni Ufilipino au Nairobi ili wawapangie bidhaa, wawajibie wateja na kuwafuatilia mizigo, na serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili vijana waingie katika soko hilo. Busia, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, haukungoja mpango wowote. Mtu anayekuuzia na kukununulia mahali usipofika ni mwenyeji wa mpaka huu kwa zaidi ya miaka mia, na historia yake inaeleza mengi kuhusu jinsi anavyoajiriwa na anavyodhulumiwa hadi leo.

Lumino ni mji mdogo wa wilaya ya Busia, Uganda, kwenye barabara iendayo Majanji, ambako wavuvi wa Ziwa Victoria hupandisha samaki. Wenyeji wengi ni Wasamia, na Wasamia wako pande zote mbili za mto Sio. Reli ya Uganda ilifika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Mwaka uliofuata Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia wakagawanywa. Wateso wa Tororo na wenzao wa Amukura, upande wa Kenya, wakagawanywa pia. Kuanzia hapo, shemeji au binamu aliyebaki ng'ambo akawa na thamani nyingine, kwa kuwa alijua bei ya huko, alijua lugha ya askari wa huko, na nyumba yake ilikuwa stoo isiyolipiwa kodi.

Wenye mitaji walijenga mtandao wao wenyewe. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyejifunza biashara Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, alifungua maduka kuifuata njia ya reli hadi ndani ya Uganda. Hakuweza kukaa katika kila duka. Aliwategemea makarani na mawakala waliopokea ngozi, pembe na pamba kwa jina lake, wakampelekea hesabu. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa ameendesha kwa daftari na barua biashara ambayo sehemu kubwa yake asingeweza kuikagua kwa macho.

Miaka ya magendo ndiyo iliyoifanya kazi ya mtu wa ng'ambo kuwa ya hatari. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na baada ya maduka kubadilisha mikono, sabuni, chumvi na sukari viliadimika. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Mkulima wa Uganda alilazimika kuuza kwa bodi ya serikali kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza nguvu kila mwezi, na hatua chache mbele yake kahawa ileile ililipwa kwa shilingi ya Kenya. Kahawa ikavuka. Soko la Chepkube, kaskazini ya Busia upande wa Kenya, lilipata jina kubwa mwaka 1976 kwa magunia hayo ya usiku.

Mwaka 1975 Amin alikuwa ametoa amri ya kuunda mahakama ya makosa ya uchumi, na adhabu ya magendo ilifika hadi kupigwa risasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Katika hali hiyo, mwenye kahawa hakuwa tayari kuvuka mwenyewe. Alimtuma mtu. Aliyebeba gunia alilipwa kwa safari, na alipokamatwa hakukuwa na karatasi iliyomwonyesha mwenye mali. Hili ni jambo la kulitazama vizuri, kwa sababu mpango huohuo wa malipo kwa safari, bila jina la mwajiri popote, ndio uliorithiwa na vizazi vilivyofuata.

Waliourithi kwanza ni watu wa baiskeli. Bodaboda zilizaliwa Busia katika miaka ya 1960: vijana wenye baiskeli nzito nyeusi walibeba abiria na mizigo katika kipande kilichopo kati ya vituo viwili vya mpaka, ambapo gari lingehitaji makaratasi mengi. Historia nyingi husimulia habari ya abiria na kuishia hapo. Lakini mwendesha baiskeli wa Busia alikuwa pia mtu wa kutumwa. Alipewa fedha na ujumbe wa mdomo, akanunua mafuta ya kupikia au vitenge, akarudi na chenji. Tajiri mwenye busara alianza naye kwa mzigo mdogo. Chenji ikirudi kamili mara kadhaa, mzigo uliongezwa. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, injini ikachukua nafasi ya miguu, na utaratibu wa kuaminiana ukabaki vilevile.

Kundi jingine halitajwi inavyostahili. Watu wenye ulemavu wa miguu walivusha bidhaa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao: jinsi baiskeli zilivyoongezewa nafasi ya mizigo, jinsi maofisa wa forodha walivyowaachia njia, na jinsi wafanyabiashara walivyowakodi kwa sababu hiyohiyo. Wengine waliajiri wasukumaji wa kuwasaidia, wakawa matajiri wadogo ndani ya kazi ya kutumwa. Walijiunga katika chama, wakasema na wakubwa kwa sauti moja. Katika historia yote ya wasaidizi wa mpaka huu, hawa ndio walioonyesha wazi kwamba anayetumwa anaweza kupanga masharti yake.

Simu ilileta mabadiliko mawili. Kwanza ni fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na MTN ikaleta huduma yake Uganda mwaka 2009. Kwa kuwa mawimbi hayajui mpaka, wachuuzi wa Busia walizoea kubeba laini mbili, na fedha ya manunuzi haikuhitaji tena kuvushwa ndani ya soksi. Pili ni macho. Picha iliyotumwa kabla ya kununua ilimpa tajiri nafasi ya kukataa, jambo ambalo mwenye gunia la kahawa hakuwa nalo. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliposhusha gharama za kupigiana simu, mazungumzo yakarefuka, na mtu aliyekuwa mchukuzi akageuka muuzaji, mpiga picha na mtunza daftari kwa mpigo mmoja. Ujira wa wengi haukufuata wingi wa kazi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilikuwa kimezinduliwa na marais Museveni na Kenyatta Februari 2018, na mvushaji mdogo alikuwa ameanza kuzoea foleni moja badala ya mbili. Machi 2020, kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa lakini watu wa kawaida walizuiwa. Mama aliyevuka asubuhi na trei za mayai na kurudi jioni na nguo hakuwa na njia halali. Aliyekuwa na mtu wa kuaminika ng'ambo aliendelea kuuza kidogo kidogo kwa simu, huku mizigo ya wengi ikikusanywa ndani ya lori moja. Asiyekuwa naye alikula mtaji. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Uganda ikafunga Facebook, na ukurasa wa kuuzia ukawa na faida ukiwa mikononi mwa mwenzio aliye chini ya mnara wa Kenya.

Msaidizi mzuri wa Busia ana elimu isiyofundishwa darasani. Anajua kwamba utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Mayai ya Uganda na maharage yanaingia humo kwa cheti kifupi cha asili. Robota la mtumba lililoshushwa Mombasa haliingii hata likiwa dogo, na tajiri asiyeambiwa mapema atapiga hesabu ya faida isiyokuwepo. Anajua pia kupiga picha palipochanika kabla ya kupiga pasipochanika. Tajiri anayestahili msaidizi wa namna hii hutenganisha fedha ya manunuzi na ujira, hufunga hesabu kila jioni, na hamtumi mtu njia ya panya ili kuokoa ushuru ambao yeye mwenyewe hatakamatwa nao.

Hapo ndipo urithi wa miaka ya magendo unapouma. Mzigo ukikamatwa, msaidizi hudaiwa. Mteja akirudisha kiatu, siku yake haina malipo. Sheria za pande zote mbili zimeshasema: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ile ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi ndani ya wiki 12. Wewe unayeuza kwa simu ukiwa Lumino, Tororo au Kampala, na una mtu wako Busia anayekufungulia robota, mwandikie karatasi moja: ujira wake ni kiasi gani, unalipwa lini, na mzigo ukipotea njiani hasara ni ya nani. Itieni sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake.