Jinsi Seli Zinavyogawanyika, na Historia ya Uvimbe wa Taya la Mtoto

Leo tutarudi nyuma katika historia ili tuelewe jambo moja: kwa nini uvimbe kwenye taya la mtoto haufai kungojewa hata wiki moja.

Tuanze na mtoto wako mwenyewe. Mimba ilipotungwa alikuwa seli moja tu, ndogo isiyoonekana kwa macho. Seli hiyo ikagawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Leo anatembea, anacheza, nguo za mwaka jana zimemkaa fupi. Anapojikwaa na kuchubuka goti, ngozi mpya hutokea kwa njia hiyo hiyo: seli zinagawanyika.

Watu walichukua muda mrefu kulijua hili. Mwaka wa 1665, Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome la mti kwa hadubini akaona vijumba vidogo vidogo. Hivyo ndivyo alivyovipa jina ambalo sisi tunaliita seli. Zaidi ya miaka 200 baadaye, huko Ujerumani, mtaalamu Walther Flemming alizipaka seli rangi akaona nyuzi ndani yake. Nyuzi hizo zilijipanga katikati, kisha zikavutwa nusu huku na nusu kule, na seli ikawa mbili. Mwaka wa 1882 alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Ugawanyikaji huo akauita mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Nyuzi zenyewe leo tunaziita kromosomu. Kila seli ya kawaida ya mwanadamu ina 46, nazo hubeba maagizo yote ya mwili.

Mwaka wa 1953, wataalamu Alma Howard na Stephen Pelc, wakichunguza mizizi ya maharagwe huko London, walionyesha kwamba seli hufuata hatua kwa zamu. Fikiria mwanafunzi anayenakili kitabu kizima. Kwanza seli hula na kunenepa. Kisha hunakili maagizo yake yote. Halafu hukaguliwa, kama vile mwalimu anavyosahihisha daftari. Ikipita, ndipo inapogawanyika. Kosa likionekana, seli husimamishwa lirekebishwe, au seli hiyo hufa. Saratani huanza pale ambapo ukaguzi huo umeshindwa na seli zinagawanyika bila kusikiliza amri.

Sasa twende kwa jirani zetu, Uganda. Mwaka wa 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, amwone mtoto wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Akaanza kupekua faili za hospitali, akakuta wengi. Wengi wao pia walikuwa na uvimbe tumboni. Mwaka wa 1958 aliandika habari zao. Wakati huo upasuaji haukusaidia, na watoto walifariki katika muda wa miezi michache.

Mwaka wa 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, kilomita kama 16,000, wakipita zaidi ya hospitali 50 na kuuliza swali moja: je, mmeona mtoto wa namna hii? Waligundua kwamba ugonjwa huu hupatikana sehemu zenye joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Hapa Kenya pia huonekana zaidi upande wa Nyanza, Magharibi na Pwani.

Mwaka wa 1964, wataalamu wa London waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, huenezwa kwa mate, na karibu kila mtoto hapa kwetu huvipata akiwa mdogo bila madhara makubwa. Lakini malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli fulani za kinga kugawanyika tena na tena, na kila kunakili kuna hatari ya kosa. Mwaka wa 1982 ikabainika kosa lenyewe ni lipi: kipande cha kromosomu moja hukatika na kujibandika kwenye nyingine, na agizo la kugawanyika likabaki limewaka kama taa isiyozimika. Kwa hiyo mama, ugonjwa huu si uchawi wala laana, na mtoto mgonjwa hamwambukizi mwenzake saratani.

Matokeo yake ni kasi ya kutisha. Seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hebu tupige hesabu. Seli moja ikijigawa hivyo mara 30, zinakuwa zaidi ya bilioni moja, uvimbe wa ukubwa wa harage. Mara saba tu zaidi, uvimbe unafikia ngumi ya mtoto. Ndiyo maana jirani anaweza kukuambia, "Juzi hakuwa hivi," na akawa anasema kweli.

Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo mlango wa kuupiga. Mwaka wa 1948, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alieleza jinsi alivyowatibu watoto wenye saratani ya damu kwa dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki. Hii ni ile vitamini unayopewa kliniki ukiwa mjamzito, kwa sababu seli haziwezi kunakili maagizo bila hiyo. Mtoto tumboni anaihitaji akue. Uvimbe nao unaihitaji, na ukinyimwa, unakwama. Mapema miaka ya 1960, dawa ya jamii hiyo ilijaribiwa Kampala na Nairobi, na mataya yaliyovimba yakaanza kunywea. Ikafuata dawa nyingine iliyotokana na lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo wengi hulipanda uani kwa urembo. Dawa hiyo huzivunja kamba zinazovuta zile nyuzi za Flemming, na seli ikashindwa kugawanyika. Tafadhali usichemshe ua hilo nyumbani. Ni sumu, na kipimo chake ni cha hospitali tu.

Leo watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dawa wanapona. Kwa hiyo shika haya.

Mtazame mtoto. Taya au shavu linavimba bila maumivu makubwa, meno yanalegea kabla ya wakati, jicho linatokeza, au tumbo linakua haraka: mpeleke kituo cha afya siku hiyo. Usikubali aendelee kung'olewa meno bila kuchunguzwa. Omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa, kama vile Kenyatta ya Nairobi, Moi ya Eldoret au Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu.

Usiache dawa katikati. Uvimbe unaweza kunywea katika siku chache, na familia ikasema amepona, turudi nyumbani. La! Seli chache zilizobaki hazionekani, nawe umeiona hesabu yake. Nywele zitang'oka na kinywa kitafanya vidonda, kwa sababu seli za nywele na za kinywa nazo hugawanyika upesi na dawa huzigusa. Nywele zitaota tena. Akipata homa, mrudishe hospitali mara moja.

Na kila usiku, mlaze ndani ya neti iliyotiwa dawa.

Mama mpendwa, watoto wale wa mwaka wa 1957 hawakuwa na dawa. Wa kwako anayo, ila dawa haimfuati nyumbani. Wewe ndiwe wa kumfikisha.